Vijana wa pangoni na hesabu ya shemeji Deo

Posa ya Rukia imekwenda salama na mahari imekubaliwa, alhamdulillahi. Ila kilichobaki kichwani mwangu ni maneno ya shemeji Deo, ambaye ni Mkristo, pale jamvini, sinia la pilau likiwa katikati yetu, kuhusu wale vijana waliokimbilia pangoni kuokoa imani yao, Mwenyezi Mungu akawalaza miaka mingi.

"Shemeji, wale vijana wenu wa pangoni walilala miaka mingapi?"

"Mia tatu, na tisa juu."

"Kwetu vijana hao hao, wale Saba wa Efeso, hawafikishi mia mbili. Basi hesabu ya mmoja wetu ina walakini."

Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye tarehe ya harusi. Mimi neno hilo nimeingia nalo kila zamu ya uuguzi wodini wiki hii. Deo hana ubaya, tena kisa anakijua. Linaloniuma ni kisa kikubwa namna ile kuingiliwa kwa mlango wa hesabu peke yake.

Na hesabu yenyewe haimwangushi yeyote. Kwa Wakristo, vijana walimkimbia Kaisari Decius, ambaye mwaka 250 alitaka raia wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma. Wakaamka zama za Theodosius wa Pili, aliyetawala Mashariki ya dola ya Roma 408 hadi 450. Kweli, hapo 300 haipatikani. Lakini Qurani haimtaji kaisari wala mji, kwa hiyo hakuna mwaka wa kuanzia kuhesabu. Suratul Kahf aya ya 25 inasema miaka 300, wakazidisha 9. Mwaka wa jua unauzidi wa mwezi kwa siku kama 11; mara 300 ni siku 3,300 hivi, yaani miaka 9 ya mwezi na kidogo, ndiyo ile 9 iliyozidi. Kisha aya ya 26 inafuatia papo hapo: sema, Mwenyezi Mungu anajua zaidi muda waliokaa. Qatada, katika wafasiri wa mwanzo, aliona hata hiyo 309 ni kauli ya watu inayonukuliwa. Na idadi yao? Aya ya 22 inataja watatu, watano, saba, kila mara na mbwa wao, halafu inazuia ubishi.

Jana usiku nikafika tena aya ya 18, na moyo ukanifunguka. Mwenyezi Mungu anasema aliwageuza upande wa kulia na upande wa kushoto. Sisi wa wodini tunajua uzito wa jambo hilo! Asiyejigeuza hugeuzwa kila saa 2: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Mfupa ukikandamiza ngozi godoroni, damu haipiti na nyama inakufa, hasa visiginoni, nyongani na chini ya kiuno. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, kwa hiyo gusa: utakuta pamekuwa pagumu, au pana joto kuliko pembeni. Shuka yenye unyevu huharakisha kidonda, na kumburura mgonjwa badala ya kumwinua huchuna ngozi. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokewa akisema kwamba wasingegeuzwa, ardhi ingewala. Na aya ya 17 imeshaeleza jua: likichomoza linalikwepa pango lao upande wa kulia, likitua linawapita kushoto, nao wamelala mahali penye nafasi ndani ya pango. Huo ni uuguzi kamili, na Muuguzi ni Mola mwenyewe.

Nikimwona Deo harusini nitaanzia kwenye sarafu, maana hapo tunakutana. Kwao na kwetu mmoja anatumwa mjini na fedha ya zamani akanunue chakula. Kwao, wauzaji wanaona sura ya Decius kwenye sarafu, wanadhani kijana amefukua hazina, wanamkamata. Kwetu, aya ya 19 inamwagiza achague chakula kilicho safi kabisa na aende kwa upole, asimjulishe mtu. Vijana wenye njaa iliyolala miaka yote hiyo, na bado wanauliza usafi wa chakula!