Ukifika Nijulishe

Ijumaa iliyopita nilichelewa kutoka kazini. Tulikuwa tunahesabu dawa za mwisho wa mwezi, na nilipokuja kuangalia saa, ilikuwa saa moja na nusu usiku. Kwetu Tanga hiyo ni saa ya watu kusimama kwenye chipsi mayai. Katikati ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad na Tobago huku Karibiani, ni saa ya mageti kufungwa. Jua la Trinidad linazama mapema kama la nyumbani, na likishazama, mtaa wa Frederick ambao mchana hupiti bila kugongana mabega na watu unabaki na walinzi na mbwa. Mvua inanyesha. Kituo cha teksi za St. James kina watu watatu na hakuna gari hata moja.

Ikaja gari nyeupe. Kijana akashusha kioo, akauliza kama naenda St. James, amebakiza nafasi moja. Ndani mlikuwa na wanaume wawili. Nilikuwa nimelowa, miguu inaniuma, mume wangu yuko zamu kwenye mitambo ya gesi baharini na harudi mpaka wiki ijayo. Nikashika kitasa cha mlango.

Mtu akanivuta mkanda wa mkoba kwa nyuma. Nikageuka kwa hasira nikidhani kibaka, nikakuta mama mtu mzima, mwavuli mkono mmoja, mfuko wa viazi vitamu mkono mwingine. “Siyo hiyo, mwanangu,” akasema. Yule kijana akatukana, akakanyaga mafuta, akaondoka. Mama akanionyesha kwa kidevu namba za gari likiishia. Zilianza na P.

Hapa gari la abiria lenye kibali namba zake zinaanza na herufi H. Gari la mtu binafsi ni P. Sasa kuna magari mengi ya P yanayobeba abiria kinyemela, watu wanayaita PH, na wengi tu wanaoyaendesha ni baba za watu wanaotafuta ada ya watoto. Nimeshayapanda mchana, sitadanganya. Ila mwanzoni mwa mwaka 2021, miezi michache kabla sijahamia, binti wa miaka 23, karani wa mahakama, alipanda gari akiamini ni teksi. Gari lile lilikuwa na H, na ilikuwa ya kughushi. Alipatikana siku kadhaa baadaye, amekufa, ametupwa bondeni. Nchi nzima ilitoka na mishumaa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu watu kubeba dawa ya pilipili ya kupuliza, kwa kibali. Wifi yangu ndiye aliyenisimulia hayo wiki yangu ya kwanza hapa, na akanilazimisha nirudie kwa sauti: herufi, namba, sura ya dereva, nani wako ndani. Miaka minne nimekuwa nikirudia. Ijumaa mvua ikanisahaulisha.

Yule mama alisimama nami dakika arobaini. Nilimwita Tanty, kama wanavyowaita huku mama wakubwa na mashangazi, akanifunika nusu ya mwavuli wake. Gari la H lilipofika alimsalimu dereva kwa jina, akamuuliza hali ya mguu wa mkewe, akaniweka kiti cha mbele, akapiga picha namba za gari mbele ya macho ya dereva mwenyewe, na dereva hakuona ubaya. Akaniandikia namba yake ya simu. Akasema neno ambalo kila mwanamke wa nchi hii anamwambia mwenzake wanapoachana: ukifika nijulishe.

Gari linaondoka ndipo nikamuuliza, “Na wewe Tanty, unaelekea wapi?” Akainua kidevu kuelekea mlimani, mashariki ya mji, kwenye taa.

Laventille.

Nimefika nyumbani, nimemtumia ujumbe, nimevua viatu, nakuta simu imejaa ujumbe wa binamu yangu wa Dar. Anataka kuja kwenye Kanivali, sherehe kubwa ya barabarani ya kila mwaka, ameshaanza kutafuta tiketi, kisha mtu amemtumia maonyo ya balozi za nchi kubwa kwa wasafiri wao. Ameniwekea yote. Usiende Laventille. Usiende Beetham. Usiende Sea Lots. Usitembee katikati ya Port of Spain usiku. Halafu mwisho ameandika: “Dada, hivi unaishi na watu wa namna gani huko?”

Nilikaa kitandani na nguo zilizolowa nikisoma lile neno Laventille kwenye orodha, nikaona hasira inanipanda mpaka kooni. Sikumjibu usiku ule. Namjibu hapa, kwa sababu si yeye peke yake anayeniuliza.

Kwanza, maonyo yale si uongo. Mwaka 2024 watu zaidi ya 620 waliuawa katika nchi hii, na wakazi wake wote hawazidi milioni moja na nusu. Pima mwenyewe kwa mkoa wako. Sisi panya road walipoingia mitaa michache ya Dar, Bunge lilichachamaa na mikoa yote ikaongea mwezi mzima. Hapa mwisho wa Disemba ule mtu alipigwa risasi nje ya kituo cha polisi cha Besson Street, na haikupita siku nzima watu 5 wakauawa kwa mpigo kule Laventille. Disemba 30 serikali ikatangaza hali ya hatari. Polisi wakapewa uwezo wa kuingia nyumba bila hati na kumshikilia mtu saa 48 bila kumfungulia shitaka. Amri ya kutotoka nje haikuwekwa. Kanivali ya Machi 3 na 4, 2025 ilichezwa chini ya hali hiyohiyo ya hatari. Mimi mwenyewe nilikuwa barabarani na manyoya kichwani, askari wenye bunduki kila kona. Ilipofika Aprili hali hiyo ikaondolewa. Julai 18 serikali mpya ikatangaza nyingine, safari hii ikisema magenge yanapanga mauaji kutokea ndani ya magereza.

Mama yangu alipiga simu asubuhi ile ya Disemba. Kwao saa tisa mchana, kwangu saa mbili asubuhi, na nilijua kabla ya kupokea. “Mwanangu, rudi.” Unamweleza nini mama? Kwamba redio ya Tanga imesema kweli, na kwamba wakati huohuo mimi nakunywa chai na jirani ananirushia maembe juu ya ukuta?

Bunduki hazitengenezwi hapa. Nyingi zinatoka Marekani, zinaingia kwenye mapipa na makontena pamoja na sabuni na viatu. Venezuela iko ng'ambo tu, pale bahari ilipo nyembamba ni kama kilomita 11, na dawa za kulevya zinapita njia hiyo kwenda kwa wanunuzi wa kaskazini. Vijana wa milimani ndio wanaobaki na bunduki mkononi na maiti mlangoni. Sehemu kubwa ya hao 620 ni wao, wanaume vijana, wanauana kwa mtaa na mtaa, genge na genge. Mgeni anayekuja wiki mbili hayumo kwenye ugomvi huo. Mgeni hatari yake ni kuporwa, na hatari yake kubwa ni gari alilopanda bila kuangalia.

Na hilo ndilo linaloniuma kuhusu orodha. Inataja Laventille kama mtu anavyotaja shimo la choo. Pan, ile ngoma ya pipa la mafuta inayoimba kama kinanda, imelelewa kwenye milima ile, na wazee waliogonga mapipa ya kwanza walikuwa wakikimbizwa na polisi. Leo Umoja wa Mataifa umeitengea siku yake, Agosti 11. Desperadoes, kundi ambalo kila mtu hapa analisimamia wima likipiga, ni la kule juu, na ni uhalifu uliolisukuma lishuke kufanyia mazoezi mjini kwa sababu wasikilizaji waliogopa kupanda. Nina mfanyakazi mwenzangu wa mlimani, msichana hodari kuliko sisi sote kwenye kaunta. Alipoomba kazi aliandika anwani ya shangazi yake wa Arima. Alinieleza bila kununa, kama mtu anavyokueleza kwamba amebeba mwavuli. Angeandika Laventille, asingeitwa hata kwenye usaili, na anajua hivyo kwa sababu mara tatu aliandika na hakuitwa.

Sasa binamu, na wengine mnaoniandikia kisirisiri mkiuliza kazi, visa na “usalama upoje”. Ukitua uwanja wa ndege wa Piarco, usipokewe na mtu unayemfahamu kwa mtandao tu. Kuna magari yaliyowahi kufuatwa kutoka uwanjani na watu wakaporwa wakishuka mbele ya nyumba zao, kwa hiyo ukiona taa zilezile nyuma yako muda mrefu, usiingie getini, mwambie dereva apitilize mpaka kituo cha polisi. Barabara ya Beetham ndiyo inayokuleta mjini: gari likiharibika pale usiku, usishuke kulikagua, piga simu. Namba ya polisi ni 999. Mabasi madogo meupe yanaitwa maxi, yana mstari wa rangi, na rangi ndiyo njia: wa njano anakwenda magharibi, mwekundu anakwenda mashariki mpaka Arima, wa kijani anashuka kusini San Fernando. Hayo ni salama kama daladala zetu na abiria wake wana adabu kutushinda. Ukiingia lazima usalimie, hata kama hujui mtu. Usiku wanasalimiana kwa “good night”, maneno ambayo sisi tunaagania, usishangae ukadhani unafukuzwa. Mtu asiyesalimia hapa anatazamwa vibaya, na akipata shida hakumbukwi.

Suruali yako ya kombati iache Dar. Raia kuvaa madoadoa ya jeshi hapa ni kosa la jinai, hata begi, hata kofia ya mtoto. Fort George, ngome ya zamani mlimani, ni pazuri, unaona mji wote na bahari, nenda mchana na kundi. Uwanja wa Savannah jioni mapema kuna watu wanakimbia na wauza madafu. Giza likiingia, usikatize katikati, zunguka pembeni penye taa. Na pesa za kubadilisha usizitoe barabarani. Dola moja ya Marekani inakaribia dola 7 za hapa, mtu akikuahidi maajabu kichochoroni anataka uingie kichochoroni.

Haya mambo nayajua sasa kama ninavyojua njia ya kwenda Raskazone. Lakini nakiri yamenichosha. Nyumbani kwetu jioni tulikuwa tunatembea. Hatuendi popote, tunatembea tu, kina mama na kanga zao, watoto mbele, tunanunua kashata, tunarudi saa tatu. Hapa kila dirisha la nyumba yangu lina nondo, geti lina kufuli mbili, na nimejifunza kushika funguo kati ya vidole kabla sijafika kona. Mwanangu ana miaka miwili na nusu na tayari anajua kwamba gari likisimama mbele ya geti hatufungui mpaka baba asikike sauti. Kuna siku hilo linanitoa machozi nikiwa naosha vyombo. Mtu asije akaniambia ughaibuni ni ughaibuni. Binamu wa London analalamika baridi, wa Muscat analalamika joto, mimi nalalamika kwamba nimesahau kutembea usiku.

Halafu inakuja Ijumaa kama ile. Dar nimeishi miaka sita, watu wema, nawapenda, lakini sikumbuki mtu asiyenijua akikosa gari lake dakika arobaini kwa ajili yangu. Huku watu wamezungukwa na hatari mpaka wamejifunza kuhesabiana. Muuza doubles wa kona yetu, zile chapati laini mbili na dengu ambazo ukifumba macho unadhani uko kwa Wahindi wa Barabara ya Saba, asiponiona siku mbili anamuuliza mlinzi wetu wa kazini. Dereva wa maxi haondoi gari mpaka nimeingia getini, abiria wote wanangoja na hakuna anayeguna. Wazee wakisikia natoka Tanzania wananiuliza habari za Nyerere kama ndugu yao aliyetangulia.

Jumamosi nilimpigia Tanty. Nikamwambia Jumapili nataka kuja kumsalimu, nimlete maandazi ya iliki. Kimya kidogo. Akasema, “Usipande huku, mwanangu. Mimi nitashuka.” Kwa sauti ya chini, na nilisikia aibu ndani yake ambayo si yake kuibeba. Mwanamke wa miaka sabini na kitu anashindwa kumkaribisha mgeni kwake.

Alishuka baada ya ibada, gauni jeupe, kofia. Tulikaa kwenye benchi pale Woodford Square, mchana kweupe, nikiwa na hotpoti la maandazi mapajani. Akanieleza kwamba ana mjukuu wa miaka 17, anapiga pan, na wakati huu wa mazoezi ya Kanivali anatoka usiku sana. Hamruhusu kupanda mlima usiku. Anamlaza kwa dada yake Arima, na Jumapili kijana ndiyo anarudi nyumbani, mchana, akikwepa mtaa mmoja ambao vijana wake hawapatani na wa mtaa wao, ingawa yeye hana genge lolote.

Wakati wote anaongea alikuwa ameshika simu. Maandazi hakuyagusa. Nilidhani hakuyapenda. Simu ikalia mara moja, akaisoma, akaigeuza uso chini kwenye gauni, akashusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

“Amefika,” akasema, akafungua hotpoti.