Mpanga makopo wa Iowa: timu ya ukumbini ambayo Des Moines haikukubali kuipoteza

Juzi shemeji yangu alinipigia simu kutoka Tabora, na kabla hata hajafika kwenye ada ya mtoto, ambayo ndiyo hasa aliyoipigia, aliniuliza kama bado ninapanga makopo dukani usiku, mimi niliyekuwa mwalimu. Ada niliituma, kwa kuwa mtoto hana kosa, lakini maneno yale yamenikaa kooni mpaka leo. Ninaishi Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, na ni kweli kwamba ninafanya zamu ya usiku katika duka kubwa la vyakula. Asichokijua shemeji ni kwamba katika jimbo hili kazi hiyo ina heshima yake, na heshima hiyo imeshikamana na timu ya futiboli ya Kimarekani inayocheza chini ya paa, Iowa Barnstormers, ambayo wengi wetu tuliotoka Tanzania, Kongo na Burundi tunapita mbele ya ukumbi wake bila kuuliza kinachofanyika humo.

Mchezo wenyewe ulibuniwa na Jim Foster, mtu wa Iowa, mwaka 1981, alipokuwa Madison Square Garden akitazama soka ya ukumbini na kuanza kuchora uwanja juu ya bahasha. Alichukua eneo linalotosha mchezo wa magongo ya barafuni, akaweka uwanja wa yadi 50 badala ya 100 na wachezaji 8 kila upande badala ya 11, akazungusha kuta zenye magodoro, kisha akatundika nyavu kando ya milingoti ili mpira uliopigwa nje urudi mchezoni. Ligi ilianza mwaka 1987 ikiwa na timu nne tu. Kwa kuwa nafasi ni ndogo na kila mtu yuko karibu na mstari wa mwisho, timu kufikisha pointi 50 katika mchezo mmoja si jambo la kushangaza, na mchezaji kurushwa juu ya ukuta akaangukia mapajani mwa watazamaji ni sehemu ya burudani. (Rafiki yangu Mrundi alipoliona hilo kwa mara ya kwanza alisimama akitafuta mlango wa kutokea, akidhani ugomvi umeanza.)

Mwaka 1995 Foster aliuleta mchezo wake nyumbani kwa kuanzisha Barnstormers, wakitumia Veterans Memorial Auditorium, ukumbi uliojengwa katika miaka ya 1950 na wenye viti zaidi ya 11,000. Kofia za wachezaji zilichorwa miwani ya marubani, kwa kumbukumbu ya wale warushaji ndege walioitwa barnstormers, waliokuwa wakizunguka mashambani kuonyesha sarakasi za angani.

Hapo ndipo anapoingia mtu wangu. Kurt Warner alikuwa kwotabaki, yaani mchezaji anayerusha pasi, wa chuo kikuu cha Northern Iowa, na mwaka 1994 alijaribiwa na Green Bay Packers, timu ya ligi kuu ya NFL, wakamwacha. Alirudi Cedar Falls, mji wa chuo hicho, akaajiriwa na duka la Hy-Vee kupanga bidhaa usiku kwa dola 5.50 kwa saa, na mchana akawa anafanya mazoezi. Barnstormers walimchukua mwaka uliofuata. Katika misimu mitatu alirusha pasi 183 za kufunga, akaifikisha timu kwenye fainali ya mwaka 1996, waliyopoteza hapa hapa Des Moines kwa 42 kwa 38 mbele ya Tampa Bay Storm, na ile ya mwaka 1997, waliyopoteza kwa 55 kwa 33 mbele ya Arizona Rattlers. Kisha akasajiliwa na St. Louis Rams ya NFL, akapelekwa kwanza kuchezea timu ya Amsterdam huko Ulaya, akarudi kuwa mchezaji wa akiba, na mwaka 1999, kwotabaki wa kwanza Trent Green alipoumia goti kabla ya msimu kuanza, Warner aliingia na kurusha pasi 41 za kufunga. Tarehe 30 Januari 2000 Rams waliwashinda Tennessee Titans 23 kwa 16 katika Super Bowl, fainali ya NFL, naye akatangazwa mchezaji bora wa mchezo huo. Mwaka 2017 aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa futiboli ya kulipwa. Msimamizi wangu wa zamu, mzee wa hapa hapa, husimulia habari hizi kama mtu anayemsimulia mtoto wa dada yake.

Ninyi mnaojiandaa kuja, naomba msinielewe vibaya. Kwa Warner mmoja kuna maelfu waliopanga makopo mpaka wakastaafu, na hakuna aliyeandika habari zao. Mtu akikutajia dola kwa saa usizidishe haraka kwa shilingi za nyumbani; muulize kwanza kodi ya nyumba, bima, na gari, kwa sababu huku hakuna daladala wala bodaboda ya kukutoa kazini saa tisa za usiku wa Januari.

Narudi kwenye timu, maana hapa ndipo ninapowakasirikia Wamarekani kwa niaba ya Wamarekani. Baada ya msimu wa 2000 Barnstormers waliuzwa na kuhamishwa mpaka New York, wakaitwa New York Dragons. Watu walijaza ukumbi miaka sita, wakanunua fulana, wakawapa watoto wao hadithi ya Warner, kisha mwenye fedha akapakia kila kitu akaondoka, na hakuna mkutano wa wanachama wa kumzuia kwa sababu hakuna wanachama. Jaribu kuihamishia Yanga Dodoma uone kama utalala Dar es Salaam usiku huo. Ingawa na sisi tusijisifu sana: watu wa Mbarali waliishangilia Ihefu yao, na mwaka 2024 wakaamka inaitwa Singida Black Stars.

Jaribio la kulibakiza jina katika ligi ndogo ya af2 lilidumu msimu wa 2001 tu. Mwaka 2008 timu ikafufuliwa, safari hii katika ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2005, wakati huo ukiitwa Wells Fargo Arena, na mwaka 2010 ikarudi katika ligi ya Foster, ambayo ilikuwa imeanguka na kufufuliwa nayo pia. Viongozi waliona mbali, nadhani, walipoihamishia Indoor Football League kuanzia 2015, ligi nafuu ambayo miji ya ukubwa wa kati inaimudu, kwa kuwa ligi ile ya zamani ilifunga milango mwaka 2019. Katika ligi hii mpya hakuna zile nyavu, kwa sababu Foster alizikatia hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, na ligi nyingine zikazoea kucheza bila hizo.

Ubingwa ambao Warner hakuupata ulikuja Julai 2018. Wapinzani walikuwa Sioux Falls Storm, timu iliyowahi kuchukua kombe miaka sita mfululizo kuanzia 2011 hadi 2016, na Barnstormers waliwashinda 42 kwa 40 mbele ya watu wao wenyewe. Wengi wanaocheza ngazi hii wana kazi nyingine za kulipia kodi, na msimamizi wangu anasema hilo ndilo linalomfanya akate tiketi kila mwaka, ingawa bei ya kuegesha gari inamfanya atukane mpaka anafika kwenye kiti.