Usiku wa karabai, Bagamoyo

Mwaka 2013 tulikuwa watu sita na kamera moja ya kukodi, ndani ya nyumba ya mama mmoja Bagamoyo, tukishuti filamu ya jini. Kamera ilitakiwa irudi Dar asubuhi yake. Hela ya siku ya pili haikuwepo.

Tulipoanza tu kurekodi, kwenye kioo cha kamera ikatokea mistari ya kivuli inayotembea ukutani, haikatiki. Mwongozaji akasema kamera mbovu. Mimi ndiye niliyeichukua kwa dhamana ya kitambulisho changu, tumbo likanikata. Tukabadilisha lenzi, tukabadilisha kadi, tukatoa betri na kuirudisha. Mistari palepale.

Aliyetuokoa ni mzee jirani, fundi umeme, aliyekuja kutazama tu. "Mwanangu, hebu ielekeze jikoni kwenye moto." Nikaielekeza. Picha safi kabisa. "Basi kamera haina kosa. Ni hizo tyubulaiti."

Ndipo akanieleza kwamba umeme wetu ni wa hezi 50, yaani unapiga mizunguko 50 kila sekunde, na tyubulaiti kama zile huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Kamera yetu ilikuwa imepangwa kwa kufuata Marekani, ambako umeme ni hezi 60: fremu (picha) 30 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila picha, 1/60 ya sekunde. Nikaingia kwenye menyu, nikachagua PAL, mpangilio wa video wa nchi za hezi 50: fremu 25, shata 1/50, ikaenda sawa na mapigo ya taa. Ukuta ukatulia. Nilimshika yule mzee mkono kwa mikono yangu miwili, nikashindwa hata kusema asante vizuri.

Nusu saa haikuisha, umeme ukakatika. Tukawasha kijenereta chetu, kinanguruma kwa kupanda na kushuka, na mistari ikarudi vibaya zaidi, maana hata hizo hezi 50 kilishindwa kuzishika. Mama mwenye nyumba akaingia ndani, akatoka na karabai mbili, zile taa za mafuta za kupampu.

Mafuta ya taa hayajui hezi. Mwanga ulitulia tuli.

Ikabaki moshi. Chetezo kilijaa ubani, sote tunakohoa, lakini mara tatu jini alitokea mlangoni na kwenye kioo hakuna moshi wowote. Karabai zote mbili zilikuwa upande wetu, kando ya kamera. Nikabeba moja, nikaiweka chini nyuma ya mlango, mgongoni kwa mwigizaji. Moshi ukawaka. Kila mkunjo wake ukaonekana ukipanda, na kanzu nyeupe ikazungukwa na mstari wa dhahabu begani.

"Astaghfirullah," mama akasema, akarudi nyuma hatua mbili.

Tulishuti hadi adhana ya alfajiri. Karabai zilivuma usiku kucha na maikrofoni ikanasa yote. Baadaye mhariri alitaka kuufuta ule mvumo. Nikamwomba auache.