Ndoo ya ukoko kutoka Mwaloni

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani Kirumba, Mwanza, nikisubiri matokeo, kazi yangu kula na kulala. Juu ya mtaa wetu, kule mawe yanakoanza, kuna mama anayeokota mbwa na paka waliotupwa. Wakati ule mbwa walikuwa kumi na saba. Paka sijui, hawatulii uwahesabu. Mtaa mzima unamwita Mama Mbwa na yeye anaitika tu. Hana bango wala mfadhili. Ana uzio wa mabati na sufuria moja kubwa.

Mara ya kwanza tulikwenda watano, mikono mitupu, simu zimejaa chaji. Tukapiga picha na watoto wa mbwa mpaka jua likawa kali. Tunaaga, akatuuliza: "Wanangu, mmekuja kunisaidia mimi au kuzisaidia simu zenu?" Tukacheka. Njiani hakuna aliyecheka tena.

Kesho yake nilirudi peke yangu nikamuuliza anahitaji nini. Chakula, magunia makavu, mtu wa kuchota maji. Basi.

Pesa sikuwa nayo, ila Mwaloni, soko letu la samaki, naujua tangu nikiwa mdogo. Mama lishe wa pale wanalisha wavuvi na wapakuaji, wanasonga ugali asubuhi hadi jioni, na kila sufuria inaacha ukoko. Nikamfuata mmoja anayefahamiana na mama yangu, namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu. Naomba ukoko, wa mbwa."

Akanitazama juu hadi chini. "Kama una njaa sema, mwanangu. Usiwasingizie mbwa."

Ilibidi nile sahani ya ugali na sato kwanza ndipo aniamini. Tukakubaliana: kila jioni namwoshea masufuria, ukoko unakuwa wangu. Kazi yenyewe ina ufundi wake. Ukimwagia maji mapema unapata uji. Uache sufuria ipoe, ukoko ukauke, unajibandua wenyewe vipande vikubwa kama sahani.

Ndoo ya kwanza, ya lita 20, niliishindilia kila kitu: ukoko, mchuzi uliobaki, mapanki yaliyokosa mnunuzi. Konda wa hiace aliinusa mara moja tu akanionyesha barabara. Nikapanda mlima kwa miguu, ndoo kichwani, mchuzi unanichuruzika shingoni. Nafika, Mama Mbwa anachovya mwiko, anageuza, kisha anamwaga karibu nusu shimoni. Nilitaka kulia.

Shida ilikuwa vitunguu. Vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na kuvipika hakuondoi sumu yake. Na mapanki, kwa asiyeyajua, ni mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishatolewa. Nyama ipo, lakini ile miiba inaweza kumkaba mbwa au kumtoboa utumbo. Akanikalisha kwenye kigoda tukayachemsha tena, tukakung'uta nyama, kisha tukaipapasa kwa vidole hadi miiba iishe. Saa nzima, sufuria moja. Tangu siku hiyo ndoo zikawa mbili, na mchuzi nikauacha hukohuko Mwaloni.

Wenzangu walirudi mmoja mmoja walipoona sijaacha. Rafiki yangu mmoja ni Mwislamu, hakutaka kugusa mate ya mbwa na kulazimika kuosha mara saba, moja kwa udongo. Akachukua upande wa paka, na ndiye aliyeendesha mambo vizuri kuliko sisi sote. Mwingine alikusanya magunia. Wa nne alikuja mara mbili akapotea, hatukumfuata.

Kosa jingine ni langu tu. Kwa jirani yetu mtoto wa mbwa aliharisha damu akafa. Nilikwenda kumwona, halafu na ndala zilezile nikapanda kwa Mama Mbwa. Bahati nilianza kumsimulia nikiwa bado nje. Alinizuia kwa fagio! Kirusi cha parvo, kinachowaharisha damu watoto wa mbwa, kinakaa kwenye udongo kwa miezi na kinasafiri kwa viatu. Akaniletea beseni la maji ya klorini, nikasimama humo dakika 10 kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Banda la watoto sikulikaribia wiki ile yote.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ilipotangazwa mtaani tulipita nyumba kwa nyumba kuandika nani ana mbwa na nani ana kamba ya kumfungia. Mbwa wengi mnaowaona wakizurura wana wenyewe. Hakuna wa kuwapeleka tu. Mwenzetu mmoja aling'atwa mkononi. Ugonjwa ule dalili zikianza hauna tiba, kwa hiyo hatukusubiri: sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika 15, tukihesabu kwa simu, kisha hospitali akaanze chanjo. Siku hiyo simu zetu zilifaa.

Sasa nasoma chuo Nyegezi na ndoo kairithi mdogo wangu. Juzi kanipigia analalamika: kuna mtu wa nguruwe naye ameanza kumwoshea mayu masufuria. Nimemwambia awe anafika saa kumi, jamaa huyo hajashuka kwenye hiace.