Kahawa Kabla ya Saa Mbili

Kitu cha kwanza kuvunjika safarini kilikuwa finjani. Swahiba wangu ni dereva wa malori kule Ohio, na alipoliona gari tulilokodi Salt Lake City, haya wanayoyaita RV, yenye vitanda, jiko na choo humohumo, alicheka. "Kidude hiki nitakiendesha kwa kidole." Haya bwana. Ila lori lake halina kabati la vyombo. Hatujafika mbali, kona moja tu, mlango wa kabati ukafunguka na finjani zangu sita, alizoninunulia mama pale Darajani, zikashuka moja moja. Nne zilipona. Tangu hapo hatukuwasha gari bila mmoja wetu kuzunguka akibana milango yote kwa mkono.

Tulikuwa hatujaonana miaka tisa. Tumekulia mtaa mmoja Mji Mkongwe, na simu tunapigiana, lakini simu haina baraza.

Tukashika barabara kuu ya I-15 kwenda kaskazini, tukapita Idaho Falls na mashamba ya viazi yasiyokwisha, tukaingia hifadhi ya Yellowstone kwa lango la magharibi. Habari za Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji ya moto juu, na za chemchemi za rangi zimeshasimuliwa na kila aliyefika. Kweli zinapendeza. Mimi nina habari za kambi ya Madison.

Kambi iko pale mito miwili, Firehole na Gibbon, inapokutana na kuwa mto Madison. Ilikuwa Septemba, usiku baridi inakata, na madume ya elk, wanyama wenye pembe za matawi na miili kama ya pofu, yalikuwa yakiita majike kwa sauti nyembamba kama filimbi. Mara ya kwanza swahiba alidhani ni breki za gari la mtu. Umeme wa kuchomeka hakuna. Mwenye jenereta anaruhusiwa kuiwasha saa mbili asubuhi na kuizima saa mbili usiku. Na kwa sababu ya dubu huachi kitu chochote nje, hata kikombe kitupu kinachonuka kahawa.

Jioni ile nikatoa buni ya Bukoba niliyoikaanga nyumbani mpaka ikawa nyeusi inatoa mafuta, nikakaa kwenye ngazi ya gari na kinu changu kidogo cha shaba. Buni, iliki nne, kipande cha tangawizi kavu. Tu, tu, tu. Mzee wa gari la jirani akatokea na spana mkononi. Aliposikia kugonga alijua tumeharibikiwa, amekuja kusaidia. Nilipomsogezea kinu anuse, akaiweka spana mfukoni na kuuliza hiyo kahawa inanywewa lini.

Asubuhi nikateleka dele kwenye jiko la gesi. Pale ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, maji yanachemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo yanatokota mapema huku kahawa bado maji matupu. Nikaipua. Swahiba akaonja, akanitazama: "Sheikh, hii umesuuzia kikombe?" Ikarudi motoni, ikakaa mpaka ikakolea.

Saa kumi na mbili na nusu mzee yuko mlangoni na kikombe chake cha chuma, kinaingia nusu lita. Mashine yake ya kahawa ni ya umeme, ingengoja jenereta mpaka saa mbili. Nikampa finjani. Akaitazama kama mtu aliyepewa cha kuonja dukani, akaipiga funda moja, akakohoa, macho yakamtoka, akanirudishia nimjazie tena. Kile kikombe kikubwa hakukigusa.

Kesho yake alikuja na mkewe na viti vyao, kesho kutwa na kijana wa hema la ng'ambo. Watu watano, finjani nne: anayemaliza anasuuza, anampa mwenzake. Swahiba akakitoa kisahani cha kashata alizofungiwa na shemeji, akawaeleza kwamba hapa sasa ni Jaws Corner, ile baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, na kwamba kwetu Jaws Corner huruhusiwi kunywa kahawa kimya. Kila asubuhi alisimama nje na finjani mbili katika kiganja kimoja, akizigonganisha kama wauza kahawa wa kwetu, na majirani wakatoka. Mzee naye alitufunza kumwaga matangi: la choo kwanza, la sinki baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe bomba. Sisi tulikuwa tumeanza na la sinki. Sitaki kusimulia.

Maneno yetu ya miaka tisa, kumbe, yalitoka mbele za watu hao. Swahiba alimweleza yule bibi jinsi alivyomzika baba yake kwa simu, akiwa kwenye maegesho ya malori, mtu mmoja kule nyumbani amemshikia kamera. Mimi sikuwa najua. Niliendelea kumimina.

Siku ya kuondoka tulipitiwa na usingizi. Nikaamshwa na mlio nje, chuma kwa chuma, hauna mahadhi kabisa. Nikavuta pazia. Mzee, kofia ya sufu mpaka masikioni, amesimama kwenye ukungu anagonganisha vikombe vyake viwili vya chuma. Saa moja kasoro robo.

"Tunakuja, mzee!" swahiba akapiga kelele kwa Kiswahili, hata macho hajafumbua.