Kwinini na kwinidini zilikuwa zinatoka pacha, nimezitenganisha hivi

Wadau, hii ni kwa wanaochezea RDKit (programu ya kuchambua molekuli kwa kompyuta). Nipo zangu Ngamiani hapa Tanga nalinganisha molekuli za dawa za malaria, sasa kila nikipima Tanimoto (kipimo cha kufanana, 0 hadi 1) ya kwinini na kwinidini naletewa 1.0, yaani eti kitu kimoja, wakati kwinidini inajulikana zaidi kwa kutibu mapigo ya moyo yaliyovurugika! Kumbe fomula ni ileile C20H24N2O2, atomi zimeungana vilevile, tofauti ni zilivyogeukia tu, na fingaprinti ya Morgan (muhtasari wa vipande vya molekuli ambao Tanimoto inaulinganisha) usipoiambia hailiangalii hilo kabisa. Dawa yake: kwenye jenereta ya hiyo fingaprinti weka includeChirality=True, ila cheki SMILES zako (molekuli zilizoandikwa kwa herufi) zina alama za @ zinazoonyesha atomi zimegeukia wapi, faili nililotumiwa mtu alishazifuta (sijui kwa faida gani). Nikazivuta upya PubChem (hifadhidata ya kemikali mtandaoni), namba ikashuka chini ya 1.