Mwongezeeni wali huyo

Kaka ameoa. Wale mliokuwa mnaniuliza tangu barua ya posa ipelekwe, ndiyo hivyo: Jumamosi, Morogoro, wamefunga ndoa, kosta tuliyokodi ikatuharibikia Manyoni wakati wa kurudi, tumeingia Kahama Jumatatu alfajiri, na Mama hakutapika hata mara moja. Picha mwombeni wifi.

Leo ni Alhamisi na mimi bado niko kwenye foleni ya chakula.

Nilikuwa nimeshika sahani. Mbele yangu Mama, nyuma yangu mzee wa upande wa bibi harusi, baba yake mdogo, suti ya kijivu, kofia kwapani. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama safari ilikuwa njema, nikasema njema. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea penye kelele:

"Sasa wakwe zetu, mgodi si umeshafungwa? Huko Kahama mnakula nini siku hizi?"

Nikasema, "Wali."

Basi, hilo tu. Meza mbili zikacheka. Mzee naye akacheka, akamgeukia binti aliyekuwa anapakua: "Mwongezeeni wali huyo!" Na yule binti, Mungu amsamehe, akaniongezea upawa wa pili, na wa tatu. Nikala wote. Ningebakiza ingekuwa hadithi nyingine.

Mimi! Mnaojua kazi yangu mnajua ni nani anayechapa wasifu wa manispaa kila ugeni unapokaribia. Kata, kaya, visima, mapato, yote yamepita kwenye vidole hivi. Halafu naulizwa swali moja tu, nje ya ofisi, na mtu anayesubiri jibu, nasema wali.

Jibu la kwanza la kweli lilinijia tukiwa tunakaribia Gairo, giza limeingia na watu wamelala. Ningemwambia: Mzee, Buzwagi ulianza kutoa dhahabu 2009, ukafungwa 2021, na mwaka huohuo wa 2021 sisi tukapandishwa hadhi kuwa manispaa. Mgodi unafunga geti, mji unapanda cheo. Nililipenda sana jibu hilo kwa kama dakika ishirini. Baadaye nikaona ni la kutambia, na mtu hatambi huku ameshika sahani.

La pili lilikuja Dodoma, nalo la sensa. Mwaka 2012 tulikuwa watu 240,000 na kidogo. Mwaka 2022 tukavuka 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga ambayo ndiyo makao makuu ya mkoa wetu. Nani anahamia mahali pasipo na chakula? (Wa Shinyanga mjini msinune, sikuhesabu mimi.)

Manyoni, fundi akiwa chini ya gari na Mama akila karanga, nilipata muda wa kutosha nikampeleka yule mzee ziara nzima kichwani. Nilianzia Phantom, malori yamejipanga kuelekea Rusumo na Kobero, madereva wa Rwanda, Burundi na Kongo wanabishana kwa Kiswahili cha kila namna, chipsi mayai hadi usiku wa manane. Nikamrudisha Kagongwa kwenye mashine, pumba zimefanya milima, mpunga unaingia kwa matrekta na baiskeli, mchele unatoka kwa fuso. Nikampitisha Mwime kwa wachimbaji wadogo, akasikie karasha zinavyosaga mawe, aone vijana wanavyoshuka duarani kwa kamba, wakitoka weupe kwa vumbi hadi kope. Mzee, dhahabu haijafungwa, kilichofungwa ni geti moja. Soko la madini lipo palepale mjini.

Nikamweleza pia lile ambalo watu wa nje hawalielewi kamwe, na wasifu wangu hulieleza kwa sentensi moja ndefu isiyosomwa na mtu. Kahama wanayoisema ni ya zamani, wilaya nzima ikiwa kitu kimoja. Tangu 2012 halmashauri ni tatu. Ushetu wana tumbaku yao. Msalala wana Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi, ambao bado unachimba. Sisi wa mjini tulikuwa na Buzwagi, shimo la wazi, kata ya Mwendakulima. Mtu akivuna tumbaku Ushetu au akipokea mshahara Kakola, hela yake inakuja kulala Kahama, kwenye mabati, simenti, simu na bia. Sisi ni dukani kwao.

Na wewe mzee, nikamwambia (fundi akaomba spana nyingine), wewe ni mtu wa Morogoro, mwenye Kilombero yako ya mpunga, unamshangaaje mtu anayekula wali?

Hilo ndilo lilikuwa bora kuliko yote. Fupi, la heshima, na lingewachekesha watu upande wangu. Limechelewa kwa saa ishirini na kitu.

Jumanne wifi mpya akapiga simu kusalimia. Tukaongea zawadi, tukaongea sufuria zilizobadilishana na za wapishi. Nikajifanya nimekumbuka tu, nikamuuliza yule baba mdogo mwenye suti ya kijivu ni mtu wa utani sana, eh?

Akasema hapana, si mtu wa utani kabisa. Akasema alikuwa fundi mitambo Nzega, kwenye ule mgodi wa Golden Pride, tangu ujana wake. Ule wa mwanzo kabisa kati ya migodi mikubwa ya kisasa, uliotangulia kufunguliwa na ukatangulia kufungwa. Alikaa pale Nzega karibu mwaka mzima baada ya kufungwa, anangoja aitwe mahali. Hakuitwa. Ndipo akarudi Morogoro.

Sasa lisikie tena lile swali. Mgodi si umeshafungwa? Mnakula nini siku hizi?

Tangu Jumanne nalirudia kwa sauti mpya na halikai sawa. Kwanza nilikuwa nasikia mtu anatudharau. Sasa nasikia mtu anauliza chakula, chakula hasa, kama mtu aliyewahi kufungua debe akakuta limefika chini. Halafu nakumbuka alivyocheka, nashindwa kupanga alicheka nini. Na ule upawa wa tatu?

Kilichonitoa raha zaidi ni kwamba mimi najua jibu, na silo lolote katika yale niliyoyatunga njiani.

Baba Kulwa aliendesha yale malori ya shimoni, ambayo tairi lake linampita mtu kimo, miaka tisa. Nyumba hii ni Buzwagi, kuanzia msingi hadi bati. Hata kwangu ofisini mgodi ulikuwa unakula nasi mezani. Ushuru wa huduma ule wa asilimia 0.3 nilikuwa naujua umeingia kabla sijaona karatasi, kwa jinsi watu wa mapato walivyokuwa wanaitikia salamu. Tulishaona mgodi unavyoweza kutetemeka. Machi 2017 makinikia, ule mchanga wenye madini, yalipozuiwa kusafirishwa nje, mtaa mzima ulijifunza neno makinikia kwa wiki moja. Na kabla ya hapo ule mkataba wa Buzwagi wa 2007, uliosainiwa hotelini London, Zitto Kabwe akauhoji bungeni akasimamishwa. Tuliyasikia hayo yote redioni huku tunapanga matofali.

Kisha 2021 Baba Kulwa akarudi na begi na barua. Kiinua mgongo kilikwenda kwenye deni la bati na ada. Kutoka Agosti hadi alipopata lori la Rusumo, mwishoni mwa Februari, tulikula mpunga wa Mama. Magunia kumi na moja kutoka majaruba yake ya Isagehe, aliyolima kwa mkono wake wakati sisi tunamwambia aache, amezeeka, mshahara upo. Mchana wali, usiku wali, asubuhi kiporo cha wali na chai ya rangi. Doto alilia siku moja anataka ugali. Tumbo la mbuga lile, ardhi nyeusi, lilikuwepo kabla ya Buzwagi, na kwenye wasifu linapata mistari miwili chini ya kichwa "Kilimo".

Kwa hiyo nilimjibu kweli. Nadhani ndiyo maana neno lilitoka lenyewe.

Eneo la mgodi sasa limetangazwa ukanda maalumu wa kiuchumi, na mkuu wangu anataka ukurasa mzima juu yake kabla ya Jumatatu, na picha ya geti. Nitauandika. Sijui kama ile sehemu ya kilimo nitaiongezea kitu au nitaiacha. Nimefungua faili mara tatu leo.

Baba Kulwa yuko Rusumo, amesema foleni ni ndefu, atarudi Jumapili. Sijamsimulia habari ya mzee. Ninachotaka kumsimulia ni kingine, na si cha kwenye simu. Leo asubuhi Mama alitoka chumbani amevaa lile gauni la zambarau la harusini, amejifunga na kitenge cha sare juu yake, mkoba mkononi. Akakaa kwenye kiti cha barazani. Nikamuuliza, Mama, unakwenda wapi?

Akaniuliza kosta inakuja saa ngapi, tusije tukachelewa Morogoro.